Breki Zisizokanyagwa

Mwili wa Rotich ulilala ubavu, nusu kwenye lami na nusu kwenye nyasi. Pikipiki yake ilikuwa imejikunja nyuma ya gari dogo jeupe. Inspekta Nakhumicha aliinama, akaufunika uso wa marehemu, kisha akainuka taratibu akishika kiuno. Ilikuwa ajali ya nne aliyoishughulikia wiki hiyo, na ilikuwa Jumatano tu.

Mbele ya gari, barabara ya Kitale kwenda Kachibora ilikuwa tupu. Hapakuwa na ng'ombe wala shimo. Palikuwa na kona, na vyuma vya daraja dogo pembeni.

"Ulifunga breki kwa nini?" alimwuliza dereva, mwalimu Sellah, ambaye askari walikuwa wamemnasua mikononi mwa wanabodaboda wenye hasira.

"Sikufunga, afande. Zilijifunga."

"Breki hujifunga?"

"Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta. Najua hutaniamini."

Kwa miaka ishirini na mitatu Nakhumicha alikuwa amesikia kila uongo wa madereva. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alimweka ndani kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari.

Angeishia hapo, kama si Cheptoo, mama aliyechoma mahindi kando ya daraja.

"Hilo gari si mara ya kwanza, madam. Juzi lilisimama hapo hapo, matairi yakalia, halafu likaenda. Nikasema, huyu mwalimu ana nini bana?"

Alhamisi asubuhi Nakhumicha aliketi katika gari hilo pamoja na Kiplagat, mkaguzi wa magari, aliyeshika usukani. Walipita darajani mara mbili bila tukio. Mara ya tatu gari lilifunga breki ghafla, mkanda ukamkata inspekta begani.

"Umekanyaga?"

"Angalia miguu yangu."

Miguu ya Kiplagat ilikuwa mbali na breki.

Alishuka, akafungua bampa ya mbele. Nyuma yake palikuwa na kisanduku cheusi, kimepinda, kimeshikizwa kwa waya.

"Hii ni rada," Kiplagat alisema. "Magari machache kutoka Japani yanakuja nayo siku hizi. Ikiona unaenda kugonga kitu, inafunga breki kabla yako. Lakini hii imepinda. Vyuma vya pembeni inaviona kama viko mbele yetu."

"Dereva hapewi onyo?"

"Kuna taa kwenye dashibodi. Mtu ameing'oa."

Kituoni, Khisa, mume wa Sellah, alikuwa kwenye benchi akisubiri kumwona mkewe. Alikuwa dereva wa basi la shule, na sare ilikuwa bado mwilini.

"Gari lenu limewahi kugongwa?"

"Hapana, afande."

"Kutengenezwa bodi?"

"Hapana." Alijibu haraka mno.

Sellah, ndani ya selo, alijibu tofauti. "Mwezi wa nane alienda nalo matangani kwao Kabuchai, akachelewa siku nne. Ati lilikuwa sevisi Bungoma. Tangu hapo linajifunga breki. Nimemwambia mara mbili. Anasema ni mimi nakanyaga vibaya."

Nakhumicha akaenda Bungoma. Katika gereji ya tatu, karibu na msikiti, fundi aliyeitwa Shafi alilitambua gari kwenye picha, akaacha kupiga msasa.

"Alikuwa amegonga nguzo. Nilimwambia niikate hiyo rada kabisa, ama aipeleke Nairobi ipangwe na mashine. Akakataa. Ati rada iachwe ifanye kazi. Nitoe taa peke yake, mke wake asiulize."

"Hukuona hatari?"

"Niliona." Shafi aliangalia mikono yake. "Nikatoa."

Saa nane mchana huo Khisa aliketi katika chumba cha mahojiano. Nakhumicha alimwambia ana haki ya kunyamaza, kisha akamsukumia picha.

"Unaona nini hapo?"

Khisa aliiinua hadi puani, akaigeuzia dirisha. "Ni gari letu, afande."

"Hapo hakuna gari. Huyo ni Rotich, amekufa barabarani."

Khisa aliirudisha picha mezani.

"Huoni tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Ni kama kioo chenye mvuke."

"Daktari alisema nini?"

"Sikuenda. Angeandika, na shule ingesoma. Nimeendesha miaka kumi na tisa, afande. Nikinyang'anywa leseni mimi ni nani?"

"Na rada?"

"Ile nguzo ilikuwa kwenye kona; mimi sikuiona kabisa, wala rada. Siku ya pili, kabla sijalipeleka gereji, gari likasimama lenyewe, mbele yangu kuna ng'ombe. Nilimjua kwa pumzi yake. Nikasema Mungu amenipa macho mengine." Alifuta uso kwa kiganja. "Lilipoanza kusimama bure, nikaona heri lisimame bure. Jumapili ni mimi huliendesha."

"Siku zingine ni mkeo."

"Yeye anaona. Nilidhani atashtuka tu."

"Basi la shule lina rada?"

"Halina."

"Lina watoto wangapi?"

"Hamsini na wawili. Njia naijua kwa kichwa. Naenda polepole."

Nakhumicha alitoka nje, akapiga simu shuleni: basi la saa tisa lisitoke na dereva huyo. Aliporudi alimsomea maelezo yake yote, akamwekea karatasi na kalamu.

"Weka sahihi kwenye mstari."

Kalamu iligusa meza. Ikagusa meza tena. Nakhumicha akamshika kifundo cha mkono, akauongoza hadi kwenye mstari.

Sellah alirudishiwa viatu na mkoba. Aliusikiliza ukweli wote akiwa amesimama kaunta, bila kulia, bila kugeuka kuelekea mlango wa mahojiano.

"Unaweza kumwona kabla ya kwenda," Nakhumicha alisema.

"Sitaki leo. Huyo marehemu ana bibi?"

"Anaitwa Jerono."

"Anakaa wapi? Nataka kumwambia sikukanyaga."

Huenda Jerono angemfukuza, na Nakhumicha alijua hivyo. Lakini alikuwa amechoka, na mwanamke huyu alikuwa amesema kweli tangu mwanzo bila mtu kumsikiliza. Akachukua funguo za gari la kituo.

"Njoo. Nitakupeleka."