Joho la Mkuu wa Chuo

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani. Mkuu wa chuo cha wachungaji hakuwa amemaliza wiki kaburini, na msaidizi wake, daktari wa theolojia mwenye shahada tele na haya kiduchu, akamwita fundi alipunguze joho la marehemu. Kesho yake angesimikwa nalo.

"Fanya haraka, mama. Kiti hakikai kitupu."

"Na marehemu hajapoa, baba mchungaji."

Msaidizi alishalivaa, anajigeuzageuza kiooni kama bibi harusi, huku anajisemea hotuba ya unyenyekevu. Mara umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro. Fundi akamzungushia tepu kifuani kwa kupapasa.

"Unahema mno, baba. Zuia pumzi nipate kipimo."

Tepu ikabana vidoleni mwake, ikalegea, ikabana tena, polepole.

"Nimesema zuia!"

"Nimezuia, mama," akanong'ona yule bingwa wa mimbari. "Nani anahema?"

Akalivua joho mbiombio, akalitupa sakafuni. Wakasimama wawili gizani, kila mmoja kajiziba mdomo na pua kwa kiganja, wakilisikiliza linavyovuta pumzi na kuishusha.