RAM ya Pili Haijafika

"Haijafika," fundi alisema kabla hata hatujaketi. "Labda wiki ijayo, dada."

Mjukuu wangu akashusha pumzi. Nilikuwa nimemsindikiza kwenye duka la kompyuta, nimwone huyo mtu anayemfanya mtoto wa watu apake wanja kwenda kuulizia vyuma.

Niwaeleze. Mjukuu wangu anapenda gemu kuliko kula. Alijinyima mpaka akapata kompyuta mpya, lakini ilipofika zamu ya kununua RAM, ile kumbukumbu ya mashine, mfuko ulikuwa umeshalegea. Fundi akamshauri vizuri: aachane na zile zenye taa za rangi, taa hazichezi gemu. Achukue mbili ndogo zinazofanana, zitasaidiana kazi na mashine itakimbia. Akalipia mbili, akapewa moja, nyingine akaambiwa iko njiani.

Basi gemu likawa linakwamakwama, na yeye haishi kwenda dukani. Akienda, wanaongea mpaka milango inafungwa. Akirudi, anaichekea simu.

Siku hiyo joto lilikuwa kali. Wale wawili wakiwa wanatazamana, nikavuta droo ya kaunta nitafute cha kujipepea. Uzee una ruhusa zake. Humo nikakuta RAM yenye bati jekundu, pacha wa ile ya nyumbani.

"Baba, na hii je?"

Fundi akawa kama aliyemwagiwa maji.

"Ni yake, bibi. Ipo tangu siku ya kwanza."

"Kwa hiyo ulinidanganya?" mjukuu wangu akauliza.

"Ningekupa zote mbili, ungerudi kufanya nini?"

"Ungeniambia tu nirudi. Mpenzi wangu wa zamani, aliyenivunja moyo, naye alianza na kauongo kadogo hivihivi."

Akachukua RAM yake akatoka. Nikamfuata, ila kwanza nikamshauri fundi asilie mbele ya wateja.

Jioni ujumbe wa fundi ukaingia kwenye simu ya mjukuu wangu. Alinisomea mwenyewe: "Nilikosea. Niliogopa kukwambia nakupenda, nikajificha nyuma ya RAM. Sitakudanganya tena, hata ukinikataa."

Akalaza simu kifudifudi. Akaiinua. Akailaza tena. RAM alikuwa ameshaichomeka na gemu likawa linateleza kama mafuta, lakini yeye alikuwa anauawa humo ndani na kila anayepita. Nikamuuliza kama mashine ina tatizo. Akasema mashine ni nzima.

Kesho yake akamwandikia fundi: "Kompyuta imegoma. Njoo uitazame."

Mimi nilikuwa nimetoka kuisikia ikiunguruma vizuri. Nikafunga mdomo, nikabandika chai.

Fundi alifika anahema, shati kalivaa nje ndani. Akafungua mashine, akainama, akachungulia.

"Mbona RAM ni moja? Ya pili iko wapi?"

Mjukuu wangu alikuwa ametia mkono mfukoni, na mfuko umetuna.

"Haijafika," alisema. "Rudi kesho uulizie."

Fundi akamtazama usoni, akatazama mfuko, akaanza kucheka huku macho yamemjaa maji.

"Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa. Ila uje na ukweli, uongo uuache dukani."

Akarudi kesho. Akarudi keshokutwa. RAM zote mbili zimeshakaa mahali pake zamani, na bado anakuja kuulizia.

Leo amekuja na baba yake na shangazi yake, wote wamevaa wamependeza, wamekaa sebuleni wanakohoakohoa. Nimewauliza kama na wao ni mafundi.