Kinu Kilichopinduliwa Uani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lukresia alifagia unga uliomwagika mlangoni mwa mashine ya kusaga ya mama yake. Alifagia huku akiuliza maswali. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na darasa la sita zima lilijua kwamba kumnyamazisha ni kazi. Kwa nini mkanda wa mashine hautelezi? Kwa nini moshi wa dizeli ni mweusi? Na kwa nini kile kinu kwenye pembe ya ua kimepinduliwa miezi yote hii?

"Ni kinu cha marehemu mama yangu," alijibu Mzee Josephati, mwenye nyumba. "Kisiguswe."

"Umesikia?" Mama yake, Antonia, alimkemea. "Maswali yako yatatufukuzisha hapa!"

Antonia alikuwa amehamia Karatu mjini kutoka kijijini Endamarariek mwaka huo wa 1982. Mashine ilikuwa yake na akina mama wenzake kumi, walioinunua kwa mavuno ya ngano ya misimu miwili. Alipokuja kupanga chumba, alifanya kama afanyavyo mkulima yeyote wa kwao. Alizunguka kiwanja, akaona miti ya minyaa iliyopandwa mpakani imeota vizuri pande zote, akaridhika. Kijijini minyaa ikisimama, mpaka umesimama, na kila jirani anajua shamba ni la nini. Mkataba akautia sahihi siku hiyo hiyo.

Jumamosi moja alikuja afisa ardhi kutoka wilayani, amebeba ramani kwapani. Alisikiliza mngurumo wa mashine, akatikisa kichwa.

"Mama, eneo hili ni la makazi tu. Mashine hairuhusiwi hapa. Nakupa siku saba uiondoe."

Antonia alikaa juu ya gunia la mahindi. "Niipeleke wapi, baba? Nitawaambia nini wenzangu? Mzee huyu aliniambia nifanye biashara yoyote!"

"Mimi nilipangisha chumba," alisema Mzee Josephati. "Mambo ya ramani nitayajulia wapi? Hakuna aliyeniambia kitu, wala sijaona jiwe lolote la mpaka hapa."

"Kila pembe ya kiwanja inapaswa kuwa na jiwe lenye namba," alisema afisa, akichungulia kwenye minyaa iliyosongamana. Hakuona kitu.

Kila pembe? Lukresia aligeuka kutazama pembe ya ua. Aliogopa, lakini udadisi ulimzidi nguvu.

"Shikamoo, afisa. Pale kwenye kinu si pembe pia?"

Mzee Josephati alimkodolea mtoto macho. Afisa alikiegemeza kinu pembeni. Chini yake palikuwa na jiwe la saruji, safi kabisa, lenye namba.

"Na marehemu mama yako je?" aliuliza Lukresia.

"Kinu nilikinunua mnadani," alijibu mzee kwa sauti ndogo. "Wapimaji walipoweka jiwe waliniambia kiwanja ni cha makazi. Niliogopa kukosa mpangaji. Niliona nikinyamaza sijadanganya."

Antonia alimtazama kwa hasira, machozi yakimlengalenga. "Nilikuheshimu hata nikamgombeza mwanangu!"

"Nisamehe, mama. Nina banda karibu na uwanja wa mnada. Kule ni eneo la biashara. Nitachimba msingi wa mashine mwenyewe, na wanangu wataihamisha kabla ya siku saba kwisha."

Afisa alifungua ramani na kuhakikisha. "Ni kweli, kule panaruhusiwa. Lakini sikia, mzee. Kumficha mpangaji jambo analopaswa kulijua ni kumdanganya, hata kama hukufungua mdomo. Na wewe, mama, mjini minyaa haikwambii kiwanja ni cha nini. Kabla ya kutia sahihi, omba uone karatasi. Kuuliza si kumvunjia mtu heshima."

Alhamisi walikwenda kuliona banda. Antonia alianza kuzunguka akitazama minyaa, kwa mazoea tu, halafu akasimama na kucheka.

"Lukresia, njoo," aliita. "Leo uliza wewe kwanza."

Lukresia aliuliza maswali tisa. La kwanza lilihusu karatasi ya kiwanja, na Mzee Josephati alikuwa tayari ameishika mkononi.