Mazoezi ya Saa Tatu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, mfagiaji wa chuo alifungua mlango wa ukumbi wa maigizo akamkuta Profesa amekufa sakafuni mbele ya jukwaa, shingo imevunjika na kichwa kimepasuka. Kando yake alipiga magoti mwanafunzi wa kike, mikono imejaa damu. Wenzake walimwita Kimya, kwa sababu ya kigugumizi. Alipoulizwa kulikoni, neno halikutoka, na polisi wengi wakimkuta mtu wa namna hiyo huona kazi imekwisha.

Inspekta hakuona hivyo, ila muda ulimbana. Mkuu wake alitaka binti yule ashtakiwe kwa mauaji kabla ya saa nane.

Inspekta alipanda jukwaani. Palikuwa na kiti kimoja kizito cha mbao kimesimama wima, miguu yake juu ya vipande vinne vya utepe wa bluu uliochakaa. Mguu mmoja ulikuwa na ufa mbichi. Karibu na ukingo wa jukwaa kulikuwa na vipande vingine vinne, vya manjano, vipya kabisa, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Wewe ndiye uliyekisimamisha hiki?"

"Mimi?" mfagiaji aling'aka. "Afande, vitu vya jukwaani sivigusi hata kwa ufagio. Marehemu angenitoa roho." Akasikia alichosema, akajifuta macho. "Hizo alama za bluu, za kuonyesha kiti kinapokaa, ni za mchezo wa mwaka jana. Alizibandika Mwongozaji. Tangu hapo kiti kilikuwa stoo."

Mwongozaji alikuwa mhadhiri aliyefanya kazi na Profesa miaka ishirini na miwili. Alikutwa ofisini kwake, mpole, tayari kusaidia.

"Yule binti alifelishwa mtihani na Profesa juzi, alitoka akilia," alisema. "Mimi ukumbi ule sijaukanyaga tangu mwaka jana, tulipokosana."

Saa sita na nusu Inspekta alikaa na Kimya chumba cha mahojiano. Mara tatu binti alijaribu kusema, mara tatu akakwama, jasho likimtiririka. Inspekta alimwonea huruma.

"Basi usiseme wewe, mwanangu. Niigizie Profesa. Umeingia ukumbini saa tatu. Ikawaje?"

Kimya alinyoosha mgongo, akasukuma miwani isiyokuwepo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Profesa mwenyewe, mama wa miaka sitini. "Lete kile kiti kutoka stoo, binti. Kiweke karibu na ukingo, ubandike utepe mpya. Haya, tuanze mazoezi... Vizuri. Sasa nenda kanywe chai, urudi saa nne na robo."

Hakukwama hata mara moja. Kisha Profesa akamtoka, akabaki msichana anayelia.

Saa saba na nusu Mwongozaji aliitwa ukumbini. Inspekta alikuwa amekilaza kile kiti sakafuni. Alimuuliza habari za kawaida: alifika chuoni saa ngapi, nani alimwona. Mwongozaji alijibu vizuri, na huku akijibu aliinama, akakiinua kiti, akakipachika juu ya alama za bluu.

"Nani kakuambia kinakaa hapo?"

Mwongozaji aliuondoa mkono kwenye kiti.

"Leo kilikaa kwenye manjano, Mwalimu. Aliyekiinua baada ya purukushani alikirudisha pa mwaka jana. Kimya ameanza chuo mwaka huu."

Mwongozaji aliketi ukingoni mwa jukwaa kama mgonjwa. "Aliniita saa nne. Nikamkuta amekalia kiti kama hakimu. Kile kitabu chake cha kufundishia maigizo na lugha mashuleni, kilichompa uprofesa, mazoezi yote yaliyomo ni yangu. Hata hilo la mwenye kigugumizi kusema kwa sauti ya mwingine, nililibuni mimi. Jina langu halimo popote. Alipofungua mdomo nikamwambia leo sikusikilizi. Nikamsukuma."

"Kisha ukakisimamisha kiti."

"Mkono ulikwenda wenyewe, afande."

Kimya, aliyeletwa kuchukua mkoba wake, alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Alisogea mbele, na safari hii alisema kwa sauti yake mwenyewe.

"Le-leo asubuhi..."

Mwongozaji alimsubiri, kwa mazoea ya mwalimu asiyemmalizia mwanafunzi neno.

"Tu-tulifanya ma-mazoezi ya ku-kuomba radhi. Ha-hakunitajia anamwomba nani. Pro-Profesa aliomba. Ku-kumbe mi-mimi nilikuwa wewe."

Pingu zilikuwa zimeshafungwa. Mwongozaji aliuliza polepole, "Na mimi nilijibuje?"

"U-u-ulimsamehe."