Hapana Ishirini na Mbili

Pai ya mwisho ya nyama katika duka la mikate la stesheni ya Queen Street ilichukuliwa, saa mbili kasorobo asubuhi, na mwanamume mrefu aliyevaa koti la sufu la rangi ya majivu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Ilikuwa Novemba, mvua ya Glasgow inapiga kwa ubavu, watu wote wananuka nguo mbichi. Nyuma yake alisimama Lorna Gilhooly, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, koti jekundu lenye zipu iliyoharibika, nywele kazifunga kwa raba ya bahasha, mgongoni begi lenye mizani.

"Hiyo pai nilikuwa nimeshaiangalia," Lorna akamwambia.

"Mimi nimeshailipia."

"Basi ule taratibu, kaka. Isije ikakukwama nikalazimika kukuhudumia nikiwa na njaa."

Mwanamume yule, Struan Petrie, hakuwa mtu wa kucheka hovyo. Aliomba kisu cha plastiki, akaikata pai, akampa nusu iliyokuwa kubwa. Wakala wamesimama kando ya mashine ya tiketi, mchuzi ukiwachuruzika vidoleni, wakizungumzia treni zinazochelewa. Hawakuulizana kazi. Treni ya Lorna ikatangazwa, akaondoka akijipangusa mkono kwenye koti.

Jumatatu wakakutana tena, katika kituo cha afya cha Springburn, mtaa wa Glasgow alikofanya kazi Lorna, Struan ameshika ubao wenye fomu.

"Kumbe yule polisi wa kutukagua ni wewe," Lorna akasema.

Sisi watu wa Springburn tumepimwa sana. Babu zetu walipotengeneza injini za treni zilizopelekwa nusu ya dunia, walipimwa kwa saa. Viwanda vilipofungwa tukapimwa mapafu, kisha meno ya watoto, kisha mioyo. Mradi wa sigara ulikuja ukaondoka. Mradi wa kutembea ulikuja, ukatugawia viatu, ukaondoka. Kila mmoja uliacha ripoti, na kila ripoti ilisema tatizo ni sisi. Ninazo zote, kwenye boksi chini ya kitanda.

Mradi huu ulikuwa wa wazee wenye moyo dhaifu. Mzee akitoka hospitali, mhudumu amtembelee kila wiki kwa dakika ishirini na tano, afanye mambo sita yaliyoandikwa kwenye mwongozo. Mitaa iligawanywa kwa bahati nasibu: nusu ikapata wahudumu, nusu ikaachwa na utaratibu wa zamani. Baada ya mwaka, chuo kikuu kilichobuni mradi kingehesabu ni wazee wangapi wamerudishwa hospitali kila upande. Na ili ijulikane ni kitu gani hasa kimesaidia, mtu wa chuo angefuatana na wahudumu aone kama mwongozo unafuatwa. Mtu huyo ndiye Struan. Swali la mwisho la fomu yake lilisema: Je, mhudumu ameongeza jambo lolote lisilo kwenye mwongozo?

Lorna aliongeza.

Bi Senga Rafferty, mjane wa miaka themanini na moja, aliishi ghorofa ya kumi na saba. Lorna alimpima uzito, akampima shinikizo la damu, akabonyeza vifundo vya miguu, akahesabu vidonge, akamsomea ukurasa wa chumvi, akaandika tarehe ya wiki ijayo. Mambo sita, dakika ishirini na tatu. Kisha akaenda jikoni, akafungua friji, akasimama mbele yake kimya, mlango wazi, baridi ikimwagika miguuni.

"Bi Senga, makopo ya supu niliyokuwekea humu wiki iliyopita bado yapo yote."

"Nayatunza, kipenzi."

"Unamtunzia nani?"

Bi Senga alitazama dirisha. Lorna hakusogea wala hakuongeza neno. Saa ya ukutani ikahesabu, na mwisho mzee akasema. Makopo alikuwa akifungua George, marehemu mumewe. Vidole vyake yeye haviwezi tena, na kumwambia mtu aliona haya. Kwa hiyo alikuwa akila biskuti za chumvi, kwa sababu pakiti yake inachanika kirahisi. Ukurasa wa chumvi alisomewa wiki sita na aliuelewa vizuri.

Lorna akamfungulia makopo, akayamimina kwenye bakuli. Struan akaangalia saa yake. Dakika arobaini na nane.

Kwenye lifti akamuuliza kwa nini friji haimo kwenye mwongozo. Lorna akamjibu kwamba walioandika mwongozo hawajawahi kupanda lifti hii. Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma namba ya basi.

Mapenzi yao yalianzia hapo, polepole, kama ganzi inavyotoka mguuni. Lorna alikuwa ameachika, na moyo wake ulikuwa umejifunza kukaa chini. Struan alikuwa amezoea kutazama maisha ya wengine na kuyaandika. Jumapili walitembea bustani ya Kelvingrove, Lorna na gauni la kijani na soksi nzito, Struan na koti lilelile, mikono yao ndani ya mfuko mmoja. Siku za kazi Lorna alimpigia simu mchana.

"Umekula, Bwana Fomu?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chakula."

"Mwongo wewe. Siku moja nitakuja kukagua."

Lakini Struan hakuwahi kumkaribisha kwake. Kila mara alisema nyumba imevurugika.

Februari, Isobel, mhudumu wa mtaa wa jirani, aliondolewa kazini. Alikuwa akiwapigia wazee wake simu kila Jumapili, na Struan, aliyejua kazi yake ni kuandika alichokiona, aliandika Ndiyo kwenye swali la mwisho. Meneja wa mradi alisema mtu akichezea mwongozo anaharibu utafiti mzima. Kwenye fomu za Lorna swali hilo Struan alikuwa bado ameliacha wazi; akazijaza zote Hapana, na tangu siku hiyo, kila alipotoka naye jikoni kwa mzee, aliandika Hapana. Ziara ishirini na mbili, Hapana ishirini na mbili. Hakumwambia. Alijiona kama anamfunika koti mtu aliyelala.

Mwaka wa mradi, ulioanza miezi kabla Struan hajaletwa, ukaisha Mei. Juni wahudumu na Struan wakaitwa ukumbini, chai na biskuti, picha za grafu ukutani. Katika mitaa mingine hakukuwa na tofauti kubwa. Springburn, wazee waliorudishwa hospitali walipungua kwa theluthi. Mkuu wa utafiti akasoma kutoka ukurasa wa arobaini na moja: katika Springburn, mwongozo ulifuatwa kikamilifu, bila nyongeza yoyote. Kwa hiyo dawa ni mwongozo wenyewe. Utapelekwa nchi nzima, na kwa kuwa mambo sita yanatosha, ziara zitapunguzwa ziwe dakika kumi na tano.

Watu wakapiga makofi. Lorna alimsubiri Struan nje, kwenye ngazi, ripoti mkononi.

"Ni wewe uliyeandika hivi?"

"Nilikuwa nakulinda. Uliona yaliyompata Isobel."

"Uliniuliza?"

"Ungefukuzwa, mpenzi."

"Ningefukuzwa, friji ikabaki kwenye karatasi. Sasa mimi nimebaki, friji imetoka." Sauti yake haikupanda. "Ulikuwa umesimama nyuma yangu, Struan. Dunia nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyeona ninachofanya. Na ameandika hapana."

Akashuka ngazi. Zipu yake bado ilikuwa haijatengenezwa, akalishika koti kwa mkono.

Struan alipiga simu siku tisa. Siku ya kumi akaacha. Alikwenda kazini, alirudi, alikaa kwenye kiti. Hakulia, na hilo lenyewe lilimshangaza kidogo tu. Lorna alihamishiwa ng'ambo ya mto Clyde. Alifanya mambo sita kwa dakika kumi na tano, meneja akiwa na saa, akatoka, akagonga mlango mwingine.

Mwishoni mwa Septemba simu ya Struan ikalia mchana.

"Bi Senga amefariki," Lorna alisema. "Nilikuwa naisaidia familia kutoa vitu. Mhudumu mpya alifika kila wiki. Fomu zake safi kabisa. Kabatini nimekuta pakiti kumi na moja za biskuti. Makopo yamejaa friji."

"Lorna."

"Nimekwambia kwa sababu ni sisi wawili tu tuliolijua jiko lake."

Simu ikakatika.

Struan alikaa mezani kazini kwake, akatoa daftari lake dogo, si fomu, daftari. Humo alikuwa ameandika kila kitu: tarehe, ghorofa, nini kilikuwa ndani ya friji, mzee alikaa kimya kwa muda gani, akasema nini. Akaandika barua kwa kamati ya utafiti ya chuo. Majibu yangu ishirini na mawili ni ya uongo, aliandika, na nilijua ni uongo nilipoyaandika. Jibu la kweli kila mara ni Ndiyo. Alichoongeza mhudumu ni hiki. Kisha aya ishirini na mbili, moja kwa kila friji. Alituma kabla chai yake haijapoa.

Alifutwa kazi wiki hiyohiyo, na hakuna chuo kitakachompa ubao na fomu tena. Ripoti iliondolewa, dakika kumi na tano zikasimamishwa, utafiti ukaamriwa kuanza upya. Msidhani walituomba radhi. Waliandika kwamba kasoro imebainika. Karatasi hiyo nayo nimeiweka kwenye boksi. Lakini safari hii walimwita Lorna, wakamketisha mezani, wakamtaka aandike jambo la saba. Aliandika mistari miwili: Fungua friji ukiruhusiwa. Simama hapo, usiseme kitu mpaka mwenyewe aseme.

Ndipo wakampa barua ya Struan aisome, yote, kuanzia anwani ya nyumbani kwake iliyokuwa juu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, kengele ililia kwenye nyumba ya Struan, mtaa wa Dennistoun. Alifungua akiwa amevaa sweta ndani nje, ndevu za siku nne. Lorna alikuwa na koti jekundu na mfuko wa karatasi mkononi.

"Nimekuja kukagua," akasema, akampita.

Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua friji. Nusu limau lililokauka, haradali, maziwa yaliyoganda. Lorna alisimama mbele ya friji, mlango wazi, bila kugeuka. Struan alisimama nyuma yake, mahali alipozoea kusimama. Friji ikanguruma. Dakika ikapita, na nyingine.

"Sijapika tangu Juni," Struan akasema. "Nikila sisikii ladha. Nilidhani nikituma ile barua nitasikia kitu. Sikusikia." Lorna bado hakugeuka. "Ningependa uwe unaifungua hii kila siku, Lorna. Maisha yangu yote. Kama utakubali."

Lorna akafunga friji. Kwenye mfuko kulikuwa na pai moja ya stesheni, bado ya moto. Akachukua kisu, akaikata, akamsukumia nusu iliyokuwa kubwa.

"Makopo utafungua wewe," akasema, akavuta kiti, akakaa.