Nyuma ya Msala wa Mama

Kila asubuhi, Tahiya alipomaliza kufagia na kujaza ndoo za maji, alikwenda kusimama dirishani. Walikaa ghorofa ya nne, Michenzani, na kutoka pale aliiona barabara ikinyooka mpaka ikapotea kati ya mapaa ya mabati. Alisimama kwa mguu huu, akahamia mguu ule. Mama yake, Bi Nadra, alimwuliza kama sakafu ina moto.

Aliyemwasha moto alikuwa shangazi yake, Biasha wa Kikwajuni. Mwaka uliopita Biasha alitia nguo chache kwenye shanta la mgongoni, akavuka kwenda bara, na kwa miezi mingi akasafiri kwa mabasi, malori na miguu mpaka Uhabeshi. Alirudi amekonda, shanta lake limejaa viraka, na hadithi zake haziishi. Sasa alikuwa anataka kuitembea Unguja yote kwa miguu, kutoka Kizimkazi hadi Nungwi, likizo ikifika. Tahiya angeweza kufuatana naye, mama yake akiridhia, kwani baba alikwisha kumwachia yeye uamuzi.

"Nitafikiri," alisema Bi Nadra. Kila Tahiya alipouliza tena, jibu lilikuwa lile lile.

Suhail, mtoto wa jirani, alizidi kumchokoza. "Wewe msafiri wa ghorofani. Ngazi tu zinakutoa ulimi nje kama mbuzi. Nungwi utafika wewe?"

"Nitaanza na Kidichi, uone. Kesho, na kwa miguu."

Neno likishatoka halirudi mdomoni, na usiku kucha Tahiya aligeuka geuka kitandani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Bi Nadra alitandika msala akasimama kusali dhuha, sala ya sunna ya asubuhi, kama ilivyo desturi yake. Tahiya alikuwa tayari amevaa raba mpya, na mfuko wa shule mgongoni ulijaa shuka, tende, vitabu viwili na chupa ndogo ya maji. Alijua akiomba ruhusa atakataliwa. Alijua pia kwamba kwao mtu hatoki bila kuaga. Basi akangoja mpaka mama yake alipokwenda sijida, akasogea nyuma ya msala, akasema taratibu, "Mama, nnakwenda Kidichi kwa miguu. Ntarudi kabla ya alasiri."

Anayesali hajibu. Tahiya aliteremka ngazi mbio. "Nimeaga," alijiambia. "Sikusema uongo."

Alipita Saateni, akapita Mtoni, miguu myepesi. Alitaka kusoma dua ya safari aliyofundishwa chuo cha Kurani, lakini kila alipoanza aliuona mgongo wa mama yake umeinama, maneno yakamkatikia. Akaongeza mwendo. Kibweni maji yalimwishia. Bububu, alipoiacha barabara kuu kuelekea mashambani, raba zilikuwa zimemtoa malengelenge. Alipofika Kidichi, alikuwa akichechemea, kichwa kinamgonga, na mfuko umekuwa mzito kama gunia la chumvi.

Alipiga hodi nyumba ya kwanza aliyoiona. Mama mmoja mtu mzima, Bi Sichana, alikuwa barazani akibandua maganda ya mdalasini kwa kisu.

"Shikamoo, bibi. Naomba maji."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa." Alimletea maji, akamtazama visigino. "Umetoka wapi na miguu hiyo?"

"Michenzani."

"Michenzani? Peke yako? Umeaga kwenu?"

"Nimeaga."

"Wakasemaje?"

Tahiya aliuvua mfuko, akaupakata. Swali hilo hakulitegemea. "Hawakusema kitu. Mama alikuwa yumo katika sala."

Bi Sichana alikiweka kisu chini. "Nipe nambari yake ya simu."

Tahiya aliifikiria safari ya Nungwi. Simu ile ikiita tu, imekwisha. Ilikuwa rahisi kukosea tarakimu moja, na nani angejua? Alikazia macho maganda ya mdalasini. Kisha akaitaja nambari, yote, bila kukosea.

Bi Nadra alifika amepakiwa nyuma ya Vespa ya Biasha. Hakugomba. Alimshika Tahiya mabega, akampapasa uso, ndipo akakaa kwenye baraza kwa kishindo.

"Nilikusikia," alisema. "Nimesimama mbele ya Mola wangu, nisijue niko rakaa ya ngapi. Nilipotoa salamu nikakimbilia ngazini, wewe hupo tena. Jina la mahali sikulishika, nimekutafuta mpaka Darajani."

Tahiya aliinamisha kichwa. Akamgeukia shangazi yake. "Lakini nimefika, Shangazi. Kwa miguu."

Biasha hakutabasamu. Alikuwa anaosha malengelenge kwa maji ya chumvi. "Huko nilikopita, kila nilipopiga hodi niliulizwa, nani anajua kama uko hapa? Nikasema, mama yangu anajua, na yuko radhi. Milango ikafunguka. Wewe leo ungejibu nini?"

Machozi yalimtoka Tahiya. "Nisamehe, Mama. Nilikuaga pale kwa sababu nilijua huwezi kunijibu."

"Nimekusamehe," alisema Bi Nadra. "Lakini ya Nungwi tusiitaje sasa."

Wiki zikapita. Mitihani ikaisha, Biasha akaondoka Kizimkazi peke yake. Kila jioni alipiga simu kusema analala kwa nani, na Tahiya alisikiliza huku vidole vya miguu vikimcheza.

Asubuhi Biasha alipokaribia Mkokotoni, Tahiya alikaa ukingoni mwa msala. Mama yake alitoa salamu, kisha akavuta uradi wake wa baada ya sala polepole kuliko siku zote. Tahiya aliuma mdomo, akangoja.

"Naam," alisema Bi Nadra mwishowe. "Sema."

"Mama, naomba nimalizie na Shangazi, kutoka Mkokotoni mpaka Nungwi."

Bi Nadra aliweka tasbihi chini. "Nchi ya Mwenyezi Mungu ni pana, na kuitembea ni jambo jema. Sikukatazi kuiona. Lakini ukiomba ruhusa, ngoja jibu, hata likiwa la kukataa. Ruhusa uliyojipa mwenyewe nyuma ya mgongo wa mtu ni uongo, ijapokuwa maneno yake ni ya kweli. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi kavae raba za zamani. Baba atakupeleka."

Alipokuwa mlangoni, mama yake alimwekea kiganja kichwani, akaanza kumwombea dua ya kumkabidhi kwa Mola. Ilikuwa dua ndefu. Miguu ya Tahiya ilitaka ngazi, lakini hakuinyanyua mpaka aliposikia amin.