Pedali Nyekundu ya Marehemu Ntabaza

Gitaa la marehemu Ntabaza lilikuwepo sebuleni. Pedali yake nyekundu, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kilicholipatia gitaa sauti ya kukwaruza tangu ujana wake, haikuwepo. Mwanawe, Héritier, akawaambia polisi watafute kwa Mudathiru, fundi wa redio pale Kamembe. Saa nne asubuhi wakaikuta chini ya meza yake. Imekufa.

"Mwizi ni huyu!" mjane, Maman Nzigire, alilia. "Bwana yangu alikuwa anamuamini huyu muntu!"

Mzee Mudathiru alikuwa amefungwa pingu, majirani wamejaa mlangoni mwa duka lake. Jamani, fundi akishaitwa mwizi, nani atamletea redio tena?

Inspekta Mukarugwiza hakupenda kelele. Alifungua mfuniko wa pedali. Harufu ya kuungua ikampiga puani.

"Ndiyo yenyewe?" akamuuliza fundi.

"Ndiyo, Afande. Namba hii nyuma ya kitufe cha kuzungusha inaonyesha mwaka: sabini na moja. Na transista ni zile za zamani."

"Nani kaiunguza?"

"Asiyeijua. Pedali za sasa, waya wa hasi ndio unashika bodi, hili chuma la nje. Hii ni chanya. Tundu hili la adapta, la umeme wa ukutani, aliliongeza fundi mwingine zamani. Ukichomeka adapta ya siku hizi, umeme unaingia kinyume, kwisha! Ni betri tu. Nilimwambia marehemu peke yake, basi."

Mukarugwiza akaagiza Héritier, mpiga gitaa wa kwaya, aitwe kutoka kwenye gari la polisi, ambako hakuyasikia hayo.

"Uliwahi kuitumia?"

"Hapana, Afande. Maman alinikatazaka. Hata sijuwe inawakaka namna gani."

"Za kwaya mnawashaje?"

"Na adapta. Zote."

Kwenye rafu ya fundi palikuwa na pedali nyingine ya aina ileile, nzima. Inspekta akaiweka mezani, na kando yake adapta na betri mpya.

"Niwashie."

Mkono wa Héritier ulikwenda kwenye adapta. Ukasita. Kisha akachukua betri.

Inspekta akaushika mkono ule wenye betri.

"Njia ya mwongo ni fupi," Inspekta alisema. "Maisha yako yote ni adapta, na hii hujui inawashwa vipi. Nani kakufundisha kuiogopa adapta?"

Héritier akaketi sakafuni.

"Kesho ni misa ya mwaka ya Papa. Nilitaka nipige na sauti yake. Juzi nikachomeka adapta, moshi ikatoka. Nikaogopa Maman. Fundi alipotoka nikaificha huku, nikasema ni yeye aliyeiba."

Pingu zikafunguliwa. Maman Nzigire akapiga magoti mbele ya fundi kabla hata ya kumtazama mwanawe.

"Papa Mudathiru, unisamehe. Nilikutukana mbele ya batu."

Mzee akamwinua. Kisha akaielekeza ile pedali iliyoungua kwenye mwanga.

"Transista moja tu imeungua," alisema. "Héritier, mwanangu, ungeileta juzi, jana ungeichukua."

Halafu akamwomba Inspekta amrudishie chuma chake cha kulehemu, ambacho polisi walikuwa wameshakifunga kwenye mfuko kama kielelezo cha kesi.